Daftari la Kayenze

Jioni wanazipakia mitumbwini,
alfajiri wananirudishia zimenata magamba ya dagaa.
Nazifuta kwa kitambaa kimoja,
nazisoma kama mwalimu asomavyo madaftari:
huyu alifanya haraka, huyu alinakili, huyu alisinzia.

Betri haina siri kwangu.
Ya Mafwimbo huja imekauka kabisa,
hata kitaa cha kijani hakipepesi.
Ameilipia, anasema, lazima aikamue mpaka machicha.
Ya Nyanjige huja ina robo bado tumboni.
Zilinunuliwa siku moja, duka moja, kule Makoroboi.
Ya Nyanjige inaona mapambazuko.
Ya Mafwimbo inakata saa tisa.

“Unaninyonyea chaji,” aliniambia mbele ya watu.
Nikamfungulia daftari.
Mara mia saba na arobaini, kwa mwandiko wangu,
jaza, maliza, jaza, maliza.
Kamba ya kisima haikatiki kwa ndoo ya leo,
huchakaa uzi kwa uzi, na wewe, Mafwimbo,
kila siku unateka kwa pipa.
Halafu unaianika juani pamoja na dagaa!
Dagaa jua humpa bei.
Betri jua huila.

Kibanda changu nacho ni cha bati.
Saa sita nalowesha magunia, nayatandaza juu,
watoto wa shule wakipita wanapiga kelele:
Mama Chaji anaogesha nyumba!

Mbalamwezi ikija, dagaa hawafuati taa,
mitumbwi inalala kifudifudi mchangani,
na betri zinabaki kwangu kama watoto wa likizo.
Hapo ndipo ugomvi. Kila mtu anataka yake ijae pomoni.
Nawaambia: zile nzito za tindikali, haya, zishibe ndipo zilale.
Hizi nyepesi za siku hizi zilale na nusu.
Ikivimbiwa hailali hii,
inajigeuza usiku kucha, inajitafuna ndani kwa ndani.
Wanacheka. Wananiamini nusu. Nusu inatosha.

Lugwisha hakuwahi kuniletea yake.
Alikuwa anaunda mtumbwi, ubao kwa ubao,
mwaka huu misumari, mwaka ule lami.
Betri aliitanguliza. Akaijaza, akaifunga kwa khanga ya mkewe,
akaiweka uvunguni.
Kila Krismasi aliifungua, akaijaza tena, akaifunga tena.
Miaka minne.
Siku mtumbwi uliposhushwa tulikula sato mpaka mifupa,
na usiku ule taa yake ikawaka saa mbili tu.

Hakuja na hasira. Alikaa juu ya kreti la soda.
“Sikuitumia hata siku moja,” alisema.
“Hata siku moja, Nyamizi.”
Nikapima. Nikapima tena, nikiusingizia waya.
Ningemwambia nini? Kwamba kukaa nako ni kutumika,
kwamba kalenda nayo inanyonya,
bila taa, bila wavu, bila dagaa hata mmoja?
Nilimpa ya akiba.
Hiyo sikuiandika.

Baba yangu alivulia karabai.
Mafuta uliyaona kwa macho, yakipungua ulijua yanapungua.
Hizi zinakuonyesha mistari minne,
mistari minne,
mistari minne,
kisha giza.

Usingizi ukinipaa, natoka nje.
Ziwa limekuwa mji, mji usio na barabara.
Nazihesabu. Naijua kila moja, na umri wake,
na mkono unaoitesa.
Saa tisa kasoro, moja upande wa Igombe inafifia,
inapepesa mara mbili, inazima.
Ishirini na tatu. Mafwimbo.
Asubuhi atakuja na maneno.

Nageuka niingie ndani,
kisha naona ile isiyokuwemo daftarini
imeacha mahali pake,
inasogea polepole
kuelekea pale palipozima.